Nili Kwenye Vidole vya Idir

Kila asubuhi Idir alibeba ubao wa mikate mibichi kutoka kwao hadi kwenye tanuri la mtaa, pale mjini Tiznit. Wiki iliyopita hakwenda. Alilala na matubwitubwi, bibi yake akampaka nili, ile rangi ya buluu, mashavuni kama ilivyo desturi, na uvimbe ukanywea. Leo alirudi tanurini, lakini kila hatua ilimchoma. Tangu jana korodani yake moja ilikuwa imevimba, nyekundu, ya moto, na homa ilikuwa imerudi.

"We Idir, mbona unatembea kama ngamia aliyefungwa miguu?" binamu yake Lahsen alimcheka. "Au matubwitubwi yameshuka? Yakishuka umekwisha, bwana. Huzai maisha!"

Watu waliokuwa tanurini wakacheka. Idir akachukua mikate yake, akaondoka.

Alipofika nyumbani alijifungia bafuni, akajipaka nili palipovimba. Mashavu si yalipona? Maumivu hayakupungua. Alikaa sakafuni, akijiona mzee asiye na mtoto, watu wakimnyooshea vidole sokoni.

Wakati wa chai, mama yake, Tuda, alimtazama akimega mkate.

"Mashavu yamepona. Vidole vimetoa wapi nili?"

Idir akainamisha kichwa. "Mama, naona haya."

"Haya baki nayo wewe. Maumivu nipe mimi."

Zahanatini, daktari alimpima nyuma ya pazia, kisha akampiga picha kwa mashine.

"Ni virusi vile vile vya matubwitubwi. Shukuru mishipa haikujisokota. Ingejisokota, korodani ingekufa kwa saa chache, nawe umejifungia na nili yako."

"Lakini mashavu yaliponywa na nili..."

"Yalipona yenyewe, kijana."

Idir akauliza, "Nitazaa?"

"Yamkini sana. Hii inaweza kusinyaa, sikufichi. Ya pili ni nzima, na kwa kawaida moja hutosha."

Alipewa dawa ya maumivu, akaambiwa alale na kukanda kwa kitambaa baridi. Homa ilishuka, uvimbe ukafuata. Miezi baadaye daktari alimpima tena: korodani ile ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya pili, basi.

Siku hiyo waliporudi nyumbani, Lahsen alikuwa akiwasubiri mlangoni, hacheki. "Shangazi, mimi sijawahi kuugua hayo matubwitubwi. Je, yakinipata?"

"Kesho twende ukachanjwe," Tuda alimjibu. Kisha akawatazama wote wawili. "Na mahali popote mwilini pakiuma, semeni siku hiyo hiyo. Mficha uchi hazai."