Magauni Arobaini ya Wodini

Mume wangu ni fundi cherehani, na mimi pia. Sebule yetu ndiyo karakana yetu. Cherehani yake iko dirishani, yangu iko karibu na mlango. Katikati hukaa mama mkwe wangu, akikata nyuzi kwa mkasi mdogo na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Bega lake la kulia halinyanyuki vizuri, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Tunashona vizuri. Sisemi kwa majigambo, waulizeni wateja. Ila mimi na mume wangu hatukuwa tumekubaliana kushona vizuri ni nini hasa.

Yeye alifundishwa na fundi wa suti. Kwake, nguo bora ni ile inayopendeza. Mimi nilishona miaka miwili katika kiwanda cha mashati, mji mwingine kabisa. Kule nguo bora ni ile iliyofuata kipimo. Ikizidi nusu sentimita, inarudishwa.

Miaka ile miwili sipendi kuikumbuka. Nilikuwa narudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Siku moja binti yetu alinifungulia mlango, akanitazama, kisha akamwambia bibi yake, "Kuna mgeni." Niliporudi kiwandani nililia njia nzima. Baadaye niliacha kazi ile.

Sasa mwezi mmoja mambo mawili yalikuja pamoja. Kiwanda kiliniandikia barua: nirudi kazini, nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Na hospitali ya jirani ikatuletea vitambaa na karatasi ya vipimo. Walitaka magauni arobaini ya wagonjwa. Wakiridhika, kazi hiyo ingekuwa yetu kila mwezi. Wasiporidhika, mimi ningefunga virago.

"Tulia, mama watoto," mume wangu alisema. "Kazi hii ni yetu."

"Basi tufuate karatasi yao," nikamwambia.

"Karatasi! Hii ni ya kushonea magunia. Mgonjwa naye ni mtu bwana, acha apendeze!"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukagawana: yeye ishirini, mimi ishirini. Mama mkwe alicheka. "Haya, mimi nipo. Nasubiri mshindi."

Tulipeleka magauni siku tuliyoahidi. Wiki moja baadaye, muuguzi mkuu wa wodi alikuja mwenyewe na mafurushi mawili.

"Karibu, Sista!" mume wangu alimchangamkia. "Bila shaka umekuja kuongeza oda."

"Nimekuja kurudisha, fundi. Yako na ya mkeo."

Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye ile barua juu ya kabati. Niliogopa, nisiseme uongo.

Sista alikunjua gauni la mume wangu. Lilikuwa na kola. Lilikuwa na pindo la uzi wa rangi. Mgongoni lilikuwa na vifungo sita.

"Fundi, mkono wako hauna mfano," alisema. "Lakini mgonjwa hulala chali. Vifungo hivi vyote anavilalia. Bibi mmoja aliamka na alama sita mgongoni, tukadhani amepata ugonjwa mwingine."

Nilicheka. Bora nisingecheka, maana lililofuata lilikuwa langu.

"Hili limefuata karatasi yetu," Sista alisema. "Nimelipima, halina kosa."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Mikono ya gauni imeshonwa yote, haifunguki. Mgonjwa mwenye dripu, na mrija umeingia mkononi mwake, atavaaje? Juzi tulilazimika kukata gauni kwa mkasi. Na hizi kamba za mgongoni ni nyembamba. Dobi wetu amezichemsha mara tatu tu, zimeng'oka."

"Lakini karatasi ndiyo iliyosema hivyo!" Sauti ilinipanda.

"Ni kweli. Tuliiandika ofisini bila kumuuliza mgonjwa wala dobi. Kosa hilo ni letu, na nimelisema huko huko. Ndiyo maana nimekuja, tulirekebishe pamoja."

Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, naona bega linakusumbua. Utanisaidia kujaribu?"

Mama mkwe hakungoja kubembelezwa. Tulimvalisha gauni la mume wangu juu ya nguo zake. Mkono wa kushoto uliingia. Wa kulia ulikwama njiani, na kola ikamziba mdomo, jambo ambalo si rahisi.

"Jamani!" alipiga kelele alipojinasua. "Mnanivalisha au mnanikamata?"

Langu nalo lilimkwama vilevile.

"Kwako, mama, gauni bora ni lipi?" Sista alimuuliza.

"Ni lile nitakalovaa mwenyewe, nisimwite mtu. Na liwe na mfuko wa miwani."

Sista akatuangalia. "Mmesikia? Fundi anatazama uzuri. Mkewe anatazama kipimo. Dobi anatazama kama nguo itavumilia maji ya moto. Hospitali inatazama kama inastahili bei yake. Nyote mna haki. Lakini kabla hujakata kitambaa, uliza: ni ya nani, na ni ya kazi gani? Kola hii kwenye shati la ofisini ni ubora. Kwa mgonjwa ni usumbufu, tena umeongeza gharama."

Mume wangu aliipapasa ile kola. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nashonea macho yangu mwenyewe."

"Na mimi nilishonea karatasi," nikasema.

Kesho yake asubuhi yeye alikwenda kwa dobi, mimi nikaenda wodini. Tuliuliza, tukaangalia, tukaandika. Safari hii hatukushona arobaini. Tulishona moja.

Mikono yake tuliipasua kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo. Kamba tuliziondoa zote. Mabegani na ubavuni tuliweka vifungo bapa, vya kubonyeza kwa kidole kimoja. Chini ya kila kifungo, mume wangu alikunja kitambaa na kukishona mara mbili, kwa ile mishono yake ya suti.

"Hapo ndipo ufundi wako unapohitajika," nilimwambia, naye akavimba kichwa kidogo.

Vipimo nilivisimamia mimi, ili muuguzi achukue gauni lolote kabatini bila kubahatisha. Halafu tukalichemsha kwenye sufuria mara kumi.

"Leo tunakula gauni?" mama mkwe aliuliza.

Lilipokauka, alilivaa mwenyewe, bega lake na yote. Tulipiga makofi. Sista alipoliona alisema, "Endeleeni." Tukafumua yale arobaini, yangu na yake, tukayashona upya.

Siku ya kuyapeleka, Sista alituingiza wodini. Mzee mmoja mwenye dripu alipewa gauni safi. Alijifunika, akabonyeza vifungo kwa kidole, akalala, akaendelea kumsimulia jirani yake habari za mpira.

"Hata hajaliangalia!" mume wangu alininong'oneza.

Sista alimsikia. "Amehangaika nalo?"

"Hapana."

"Amemwita mtu?"

"Hapana."

"Sasa unataka sifa gani nyingine, fundi? Kazi ya kila mwezi ni yenu."

Mume wangu alitabasamu njia nzima mpaka nyumbani. Mimi nilikwenda moja kwa moja kabatini, nikaichukua ile barua ya kiwanda. Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu. Nilichora juu yake mfuko wa miwani, nikaikata iwe kiolezo. Mpaka leo ndiyo tunayokatia mifuko ya magauni yote.

Mlango ukigongwa siku hizi, binti yetu hukimbia kufungua. Akisema, "Kuna mgeni," basi kweli ni mgeni. Mama yake yupo kwenye cherehani, hatua mbili tu kutoka hapo.