Nati Alizozikaza Mwenyewe

Lori lilipiga kishindo, likaenda upande kama kaa. Kabla dereva hajamaliza kusema "Mama yangu!", tairi la nyuma lilikuwa linasaga bodi. Wakasimama katikati ya jangwa, mahali ambapo tangu jana hawakuona hata nzi.

Shemeji yake, fundi, alijitupa chini ya lori. "Boliti za springi zimelegea. Ekseli imehama, ndiyo maana tairi linasaga bodi."

Zimelegeaje? Springi walibadilisha juzi, na nati za upande huo dereva alizikaza kwa mkono wake, lori likiwa bado juu ya jeki. Fundi alipotaka kuzirudia baada ya kushusha, dereva alimfokea: "Usiguse!" Basi nani kazilegeza, jini? Tangu mkewe arudi kwao akilia, kaka mtu huyu hacheki naye. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana! Dereva akavuta dumu la maji, lita tatu zilizobaki, akalikalia.

"Tugawane," fundi alisema. Kidole chake kilikuwa kimepasuka, kinavuja damu.

"Nikiona kazi."

Fundi alipiga jeki, akaivuta ekseli kwa mnyororo, inchi kwa inchi, jua likimchoma mgongo. Adhuhuri akaanguka.

"Usiniletee maigizo hapa!"

Hayakuwa maigizo. Midomo ilikuwa imepauka. Dereva akamtilia maji mdomoni, kifuniko kimoja, akachukua spana mwenyewe. Akakaza hadi mishipa ya shingo ikasimama, nati zikagoma kusogea zaidi.

"Sasa shusha," fundi alinong'ona kivulini. "Jaribu tena."

Akashusha. Springi zikabeba mzigo, zikabanana. Akaweka spana kwenye nati ileile iliyokataa katakata kusogea, nayo ikazunguka kilaini. Lo! Akajaribu ya pili. Nayo vilevile. Kumbe mzigo ndio uliozilegeza, na juzi alizikaza hivyohivyo, lori likiwa juu ya jeki.

"Kaza kwa kupishana," fundi alisema. "Huku, kisha kule."

Wakaenda mwendo wa kobe, kila baada ya muda wakisimama kukaza upya. Kesho yake mchana wakafika kisimani, dumu likiwa kavu.

"Shemeji," dereva alisema, "hakuna aliyezilegeza. Ni mimi niliyekukataza kuzirudia."

"Najua. Niliona nilipoingia chini tu."

"Mbona ulinyamaza?"

Fundi alimaliza kunywa kwanza, akajifuta mdomo.

"Maji ulikuwa umeyakalia wewe."

 Dereva akageukia ukuta wa kisima, akalia mbele za watu waliokuja kuteka maji.