Alifuta Kiganja Chake kwa Kanga

Nina miaka ishirini na saba, ninauza dagaa huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wasomaji wenzangu, nina neno nanyi...

Mama yangu ana kisukari. Bibi aliyemzaa alikufa nacho. Watafiti walipokuja kuchunguza kwa nini ugonjwa huu huandama baadhi ya koo, sisi sote tulikubali kutolewa damu. Walitueleza taratibu tukaelewa: mtu harithi ugonjwa wenyewe, hurithi wepesi wa kuupata. Fikirieni miche ya kahawa ya Mbinga. Mche dhaifu ukitunzwa huzaa miaka mingi, na ulio imara ukitelekezwa hunyauka.

Wakati huo Kosmas, kijana wa Litembo, alikuwa ameleta posa. Kwetu, kabla posa haijapokelewa, wazee hupelelezana. Kuna wachawi? Kuna kifafa? Baba yangu hakusubiri kuulizwa. Alisema kwa fahari kwamba ukoo wetu umo kwenye utafiti wa kisukari.

Lo! Mama Kosmas, aliyekuja na ndugu zake, alikuwa amenishika mkono. Aliuachia, akafuta kiganja chake kwa kanga... kana kwamba nimempaka kinyesi! Chai niliyomwandalia hakuigusa.

"Mkwe... au sasa niseme baba tu," alimwambia baba yangu. "Tukioa humu, si wajukuu watakunywa chai bila sukari mpaka kaburini?"

Ndugu zake wakaangua kicheko. Kosmas alitazama viatu vyake. Hakutamka neno! Wakaondoka na posa yao.

Mama alilia, akiniomba msamaha kwa damu aliyonizaa nayo. Mzazi wa kuniomba msamaha kwa hilo? Hilo liliniumiza kuliko kile kicheko chao.

Miezi ikapita. Siku moja nilimsindikiza mama kliniki ya kisukari hukuhuku ziwani. Kwenye benchi, nani namwona? Mama Kosmas! Mguu umefungwa bendeji, kanga ileile kaivuta hadi machoni. Litembo kuna hospitali, lakini kadi yake iliyochakaa ilionyesha kwamba miaka yote alikuwa akishuka milima aje kutibiwa huku, majirani wasijue! Na aliyemshika mkono alikuwa Kosmas. Kumbe alijua tangu mwanzo...

"Shikamoo, mama," nilisema. Aligeuzia uso ukutani.

Mama yangu ndiye aliyemsogelea, akamuuliza kama amekula tangu asubuhi, akamwachia nafasi yake kwenye foleni. Mimi nilitoka nje.

Kosmas akanifuata. "Si unaona sasa tuko sawa? Turudiane. Mama hatakataa tena."

Kinyaa gani hiki, jamani!

"Sukari ya mama yako ningeiuguza," nilimjibu. "Ukimya wako siuwezi."

Ndugu zangu, kapimeni mapema. Ulizaneni habari za koo zenu, tena bila aibu, ili mlindane msitupane. Mama yangu anafuata dawa na chakula chake, na bado analima.

Nanyi dada zangu, nawasihi: msiolewe na mwanamume anayetazama viatu vyake mnapotukanwa. Mimi nilibakiza kidogo tu nivae pete yake.