Ujuzi Uliorudi Bila Karatasi

Mdadisi alifungua kabati la kwanza, akakuta vikombe. Alifungua la pili, akakuta viatu vya shule.

"Chumvi iko wapi?" aliuliza.

"Kwenye kopo la bluu, nyuma ya mlango," mumewe alijibu kutoka barazani. Hakuinua kichwa. Alikuwa fundi cherehani, na wakati huo alikuwa akishona suruali ya mteja.

Mdadisi alikuwa amerudi nyumbani wiki tatu zilizopita, baada ya miaka mitano ya kufanya kazi nchi ya mbali. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa utotoni kwa sababu hakuacha kitu kipite bila kukiuliza maswali, nalo likamganda. Sasa maswali yake yalikuwa ya nyumbani kwake mwenyewe. Maji yanatoka saa ngapi? Nani alihamisha kitanda? Ufunguo wa dirisha uko wapi?

Binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, alimjibu kwa subira. Binti mdogo alikuwa na miaka sita. Mama yake alipoondoka, yeye alikuwa bado anatambaa. Alimwita "mama" kwa adabu, kama alivyomwita mama wa nyumba ya pili.

Asubuhi hiyo mtoto alishika kichana akielekea barazani.

"Njoo nikusuke," Mdadisi alisema.

"Baba anajua," mtoto alijibu, akapita.

Mdadisi alisimama mlangoni akitazama. Mumewe alisogeza suruali pembeni, akamweka mtoto katikati ya magoti, akagawa nywele kwa kidole. Mistari ilinyooka kama mshono. Mdadisi alirudi jikoni kutia chumvi.

Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa wakala aliyempeleka ng'ambo. Hoteli ile ile ilimtaka tena, kwa mkataba mpya wa miaka miwili. Jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Hakujibu siku hiyo. Alivaa viatu, akaenda kutafuta kazi.

Alianzia hospitali, kwa sababu alijua hospitali hufua mashuka mengi. Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mwanamume mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimkaribisha vizuri.

"Ulifanya kazi gani huko?"

"Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Mashine kumi na nne. Miaka miwili ya mwisho nilikuwa nazitengeneza."

"Kufua tunaweza kukupa. Kutengeneza ni kazi ya mafundi."

Mdadisi hakukasirika. Alikuwa akisikiliza mashine iliyokuwa ikizunguka nyuma ya msimamizi.

"Hiyo ya mwisho, beringi ya nyuma imechoka," alisema.

Msimamizi aligeuka. "Umejuaje?"

"Inanguruma ikiongeza kasi. Ikipunguza, inanyamaza. Ingekuwa mkanda, ungesikia harufu ya mpira."

Msimamizi naye alisikiliza. Kisha akatikisa kichwa.

"Sikatai, dada. Lakini asiye na cheti haruhusiwi kugusa mashine. Ndiyo sheria yetu. Cheti unacho?"

Hakuwa nacho. Alikuwa na karatasi moja tu kutoka hotelini. Karatasi hiyo ilisema alikuwa mfua nguo.

Karatasi haikusema uongo, lakini haikusema yote. Katika hoteli ile wanawake walifua na kukunja. Wanaume walitengeneza. Fundi wa mashine alikuwa mzee aliyetoka nchi nyingine kabisa. Yeye na Mdadisi hawakuwa na lugha moja. Mdadisi alikuwa akinyoosha kidole, na mzee akimfukuza. Baada ya miezi, mzee alichoka kumfukuza, akampa tochi amshikie. Baada ya mwaka akampa spana. Mgongo wa mzee ulipoanza kumsumbua, Mdadisi ndiye aliyeinama chini ya mashine. Alibadilisha mikanda, pampu na vali za maji. Mshahara wake ulibaki ule ule wa kufua.

Aliporudi kutoka hospitali alimkuta mgeni barazani. Alikuwa jirani yao wa nyumba ya kona, mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi. Wanafunzi na majirani wote walimwita Mwalimu. Alikuwa ameleta koti lake la kazi, mfuko umechanika.

"Mbona uso umekunjamana?" Mwalimu alimuuliza.

Mdadisi alimweleza yote. Mumewe naye aliacha kukanyaga cherehani, akasikiliza.

"Wewe na spana, wapi na wapi?" mumewe alisema. Hakusema kwa dharau. Alishangaa. "Kwenye simu ulikuwa ukiniambia unafua."

"Nilijua utacheka."

"Ningecheka kweli," alikiri.

Mwalimu yeye hakucheka. "Una chochote kinachoonyesha ulizitengeneza?"

Mdadisi aliingia ndani akatoka na daftari lenye jalada lililochakaa. Ndani kulikuwa na michoro ya mashine, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa kuwa hakujua majina ya vipuri, alikuwa ameyatunga mwenyewe. Bomba la kuingiza maji aliliita koo. Mota aliiita moyo. Pampu ya kutoa maji machafu aliiita figo. Chini ya kila mchoro aliandika ugonjwa na dawa yake.

Mwalimu alifungua kurasa taratibu.

"Figo," alisoma. "Zikiziba, maji hayatoki, mashine inalia mara tatu. Tafuta kifungo cha shati." Akainua macho. "Vifungo vilikuwa vingi?"

"Nilijaza kopo."

Mwalimu alifunga daftari. "Sikiliza, mama. Chuoni kwetu kuna utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini. Huanzi darasani kama mtoto. Unapimwa kile unachokijua tayari. Ukifaulu, unapewa cheti."

"Hata kama nilijifunzia nchi nyingine?"

"Tunaangalia unachoweza kufanya. Ulikojifunzia hakukuzuii."

"Hata kama ni mwanamke?"

"Fomu haina swali hilo. Tatizo ni kwamba wanawake hawaijazi. Wanaorudi kutoka ng'ambo wengi wana ujuzi, lakini karatasi zao zinasema mfanyakazi wa ndani, mfua nguo, msafishaji. Mmoja aliwahi kupikia watu mia mbili kila siku, akarudi akaambiwa hana uzoefu."

Mume wa Mdadisi aliuliza, "Anahitaji nini?"

"Fomu, na ushahidi. Daftari hili ni ushahidi. Picha akiwa kazini, ushahidi. Barua ya mtu aliyemsimamia, ushahidi mkubwa zaidi. Angeiomba kabla ya kuondoka ingekuwa rahisi, lakini hata sasa aombe."

Mdadisi alimtumia ujumbe mama aliyekuwa msimamizi wake hotelini. Siku tatu zilipita kimya. Siku ya nne barua ilifika kwenye simu, imepigwa muhuri. Ilitaja mashine kumi na nne na miaka miwili. Mwishoni mama yule aliongeza mstari mmoja: tangu uondoke, namba tisa haijapona.

Kipimo kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa kujibu maswali ana kwa ana. Ya pili ilikuwa kutengeneza mashine mbele ya wapimaji. Ya tatu ilikuwa kusoma michoro ya umeme. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoiogopa. Mwalimu alimwazima kitabu chenye alama zote, na nyumba nzima ikaanza kujifunza. Binti mkubwa alifunika majibu kwa kiganja, akimuuliza mama yake.

"Huu mstari wenye pengo?"

"Swichi."

"Na hiki kiduara chenye msalaba?"

"Mota."

"Hapana mama, ni taa. Hii ni mara ya tatu."

Binti mdogo alichukua daftari la zamani. Alilifungua kwenye ukurasa wa pampu, akalisogeza hadi kwenye goti la mama yake.

"Mashine ina figo?"

"Inazo. Za kutoa maji machafu."

"Na mimi?"

"Na wewe unazo, huku nyuma."

Mtoto alijishika mgongo kwa mikono miwili. Alifikiri kidogo. "Zangu zinazibwa na vifungo?"

"Ukivimeza," Mdadisi alisema. Mtoto alicheka, akakaa pale pale, akaomba aonyeshwe na moyo.

Siku ya kipimo Mdadisi alikuta wanaume kumi na mmoja kwenye foleni. Alikuwa mwanamke peke yake. Maswali aliyajibu bila kusita. Mashine aliyopewa haikutoa maji. Alilala chini, akafungua pampu, akatoa sarafu na kipande cha soksi. Mpimaji alimuuliza kwa nini alizima umeme ukutani kwanza badala ya kutumia kitufe cha mashine. Alimweleza kwamba kitufe husimamisha mashine tu, umeme hubaki ndani. Mpimaji akaandika. Kisha ikaja michoro. Alitoka chumbani shingo imelowa jasho.

Matokeo yangetoka baada ya wiki mbili. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nne, na wakala alipiga simu mchana, wakati wa chakula.

"Mama, nijibu. Wapo wengine wanaoitaka nafasi."

"Nina swali moja," Mdadisi alisema. "Kwenye mkataba mtaniandika fundi?"

"Wanawake tunawaandika ufuaji. Ndivyo fomu ilivyo."

"Nikitengeneza je?"

"Hayo mtaelewana huko huko."

Aliomba apewe hadi kesho. Aliweka simu mezani, akamtazama mumewe.

"Wewe unataka nini?" alimuuliza.

Mumewe alipangusa mikono polepole. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Ulipoondoka, watu walisema nimefanywa mke. Iliniuma. Kuna siku nilifua nguo nimefunga mlango. Sasa mdogo akiwa na homa, najua hata kabla hajalia. Ukienda nitaendelea, nimeshazoea. Lakini usiende kwa kudhani huku huna thamani. Na ukibaki, usinifukuze jikoni."

"Nani atakufukuza? Mimi hata chumvi naitafuta."

Walicheka wote wawili. Kisha hawakucheka tena, kwa sababu matokeo hayakuwepo, na kusubiri bila kazi ni jambo zito. Mdadisi alizunguka uani, akarudi, akazunguka tena. Jioni hiyo alimpigia wakala akamwambia haendi.

"Nikienda tena," alimwambia mumewe, "nitakwenda na cheti mkononi, niandikwe ninachofanya."

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu sehemu mbili. Michoro alifeli.

Alirudi nyumbani akapita barazani bila salamu. Mumewe alimfuata ndani, akaketi kando yake. Mwalimu alikuja baadaye na karatasi.

"Ulichofaulu hakifutwi," Mwalimu alisema. "Chuo kimekuandikia barua ya sehemu hizo mbili. Michoro utarudia baada ya miezi mitatu. Kuna darasa la Jumamosi. Nafundisha mimi, na ninakuonya, sina huruma."

Mdadisi alichukua barua ile hadi hospitali. Msimamizi alimkumbuka kabla hajajitambulisha.

"Beringi ilikufa," alisema. "Tulifua mashuka kwa mikono siku nne. Wauguzi walitununia wote."

Aliisoma barua mara mbili. Akaingia ofisi ya jirani, akakaa huko kwa muda, akatoka. "Barua hii inatosha kukuandika msaidizi wa fundi. Utagusa mashine fundi akiwepo. Ukileta cheti kamili, tutakuandika fundi."

"Kwa mshahara wa fundi?"

"Wa fundi wa daraja la cheti hicho. Awe mwanamume, awe mwanamke."

"Naomba hilo liandikwe," Mdadisi alisema. Likaandikwa.

Jumamosi saba alikaa darasani na vijana walioweza kuwa wadogo zake wa mwisho. Zamu yake ya hospitali ilipoangukia asubuhi, mumewe aliwaandaa watoto. Ilipoangukia mchana, aliwaandaa yeye, na mumewe akashona bila kukatizwa. Wateja wa suruali waliongezeka. Aliporudia michoro, alifaulu. Haikuwa kwa alama za kujivunia, lakini alifaulu.

Siku aliyokabidhiwa koti la fundi, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya tatu. Mmoja wa wanawake wa kufua alisogea karibu, akiwa na kapu la mashuka kiunoni. Alikuwa amefanya kazi katika chumba kile miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi.

"Dada, nikuulize," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho kipimo ni cha waliotoka ng'ambo tu?"

"Hapana. Ni cha yeyote aliyejifunza kazini."

Mwanamke alitazama nyuma, kuona kama msimamizi anasikia. "Hiyo unayoifungua, shida yake haiko hapo. Iko kwenye mlango. Haufungi sawasawa tangu mwaka jana. Ukiusukuma kwa goti hapa chini, inawaka."

Mdadisi aliinuka. Alisukuma mlango kwa goti, pale alipoonyeshwa. Mashine ikawaka.

Akachomoa kalamu mfukoni. "Weka kapu chini," alisema. "Niambie shida nyingine unayoijua. Polepole, nataka tuiandike."