Kiti cha Kétsia Kinatazama Nyuma

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu Kalembe. Mama Joséphine-Marie aliamka mapema, akasali rozari, kisha akachemsha viazi vya safari. Mwanawe Lévi alikuwa amekuja kumtembelea pamoja na mke wake Kavira na binti yao Kétsia, mtoto wa mwaka mmoja. Sasa walikuwa wanarudi nyumbani kwao Masisi, na Mama alikuwa anakwenda nao.

Lévi alikuwa dereva. Aliendesha gari la jipu la baba mkwe wake, mfanyabiashara wa Butembo. Kwenye viti vya nyuma walikuwa wamefunga kiti kidogo cha mtoto. Walikipata kwa Edmond, kaka yake Kavira, watoto wake walipokua. Tangu Kétsia azaliwe, kiti hicho kilitazama nyuma ya gari.

Kabla ya safari, Mama alifuata desturi ya jamaa yake ya Itebero. Mtoto akianza kusimama, nyanya yake humsimamisha mlangoni, uso ukielekea barabara, na kumwombea. Hapo husemwa kwamba ameonyeshwa njia. Kétsia alisimama, akayumba, akaanguka kwa makalio. Wote walicheka. Lakini Mama alipangusa macho. Watoto wake wote aliwasimamisha vile vile, mlangoni mwa nyumba ya miti ambayo leo imemezwa na msitu.

Baada ya sala, Lévi alienda kwenye gari, akaanza kufungua kiti ili akigeuze kitazame mbele. Alisema kwamba mtoto aliyeonyeshwa njia hawezi tena kuipa mgongo. Tena miguu yake ilikunjika kitini, na alilia kwa sababu hakuona kitu ila viti. Mama alimuunga mkono. Kavira alikuwa na wasiwasi, lakini hakutaka kubishana na mama mkwe wake.

Wakati huo alifika jirani, Adelaïde, muuguzi, aliyekuwa ameomba nafasi hadi Masisi. Alimkuta Lévi ameinama ndani ya gari.

"Papa Kétsia, unafanya nini?"

"Ninageuza kiti. Mutoto iko mukubwa sasa. Anasimama."

"Miguu njo inasimama," Adelaïde alisema. "Shingo bado."

Lévi alimtania kwamba wauguzi wanaona ugonjwa hata kwenye kiti. Adelaïde hakukasirika. Alimgeukia Mama, akamwomba amwambie jinsi alivyokuwa anabeba watoto zamani.

Mama alikaa juu ya gunia la maharagwe, uso wake ukalainika. Alisimulia safari za miguu kutoka Itebero, matope, harufu ya majani baada ya mvua, na wanawake wakiimba nyimbo za kanisa ili wasisikie uchovu. Alikuwa na kikapu kichwani na Lévi mgongoni.

"Na ulipoteleza, Mama, kichwa ya Lévi ilienda wapi?"

"Haikuenda popote. Kitenge nilikipandisha mpaka kwa masikio yake. Mimi ninaanguka, yeye iko analala."

"Sasa, kiti hiki kikitazama nyuma, iko kama kile kitenge," Adelaïde alisema.

Alieleza polepole. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, na mifupa ya shingo bado ni laini. Gari likisimama ghafla, mtoto anayetazama mbele anashikwa mabega na mikanda, lakini kichwa kinatupwa mbele na shingo inavutwa. Akitazama nyuma, kiti kinapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Miguu iliyokunjika haimdhuru. Mtoto hukunja miguu hata akicheza.

"Basi tutageuza lini?" Kavira aliuliza.

Adelaïde alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kiti. Imeandikwa uzito na urefu ambao mtoto hapaswi kuuzidi akiwa anatazama nyuma. Akifikia kimoja kati ya viwili hivyo, ndipo anageuzwa. Kutimiza mwaka au kuanza kutembea si sababu. Watoto wengi wanaweza kutazama nyuma hadi wapite miaka miwili, na viti vingine vinawafaa hata zaidi.

Lévi alimtazama mama yake. Alikuwa anangoja neno lake.

"Rudisha kiti vile ilikuwa," Mama alisema. "Mimi nilimuonyesha njia. Sikusema avunjike shingo."

Lévi alirudisha kiti, akakaza mikanda. Mama aliketi kando ya Kétsia, akawa anamwimbia zile nyimbo za safari. Gari liliondoka, na mtoto hakulia.

Karibu na Kingi, ng'ombe walishuka mlimani wakavuka barabara ghafla. Lévi alipiga freni. Adelaïde na Kavira walirushwa mbele hadi mikanda ikawashika. Sufuria ya viazi ilimwagika. Mama alipeleka vidole kwenye shingo ya Kétsia. Mtoto alikuwa ameegemea kiti chake, kichwa kimetulia, anamtazama nyanya yake kama anayemuuliza kwa nini wimbo umekatika.

Ng'ombe walipita. Kisha Mama akafanya ishara ya msalaba, akaokota kiazi miguuni mwake.

"Endesha pole, Lévi. Mimi zamani nilikuwa natembea kwa miguu, na tulikuwa tunafika."

Kiti kiliendelea kutazama nyuma kwa muda mrefu. Kétsia alianza kukimbia, akaanza kusema, akamaliza miaka mitatu. Siku moja Kavira alimpima, akaona amefikia urefu ulioandikwa. Lévi akageuza kiti, akapandisha mikanda hadi usawa wa mabega yake.

Mtoto alifurahi kuona barabara. Kavira alisimama kando ya mlango wa gari, akakunja kitenge alichombebea Kétsia mgongoni, ambacho kwa muda mrefu hakukihitaji tena. Akamshukuru Mungu kwamba mtoto amekua, na bado moyo ukamuuma kidogo.