Cherehani ya Soko la Kabeza

Haya yalimkuta rafiki yangu Akoth, Mkenya anayefanya kazi Kigali. Jumamosi moja asubuhi alitia kitenge kipya kikapuni, azunguke masoko atafute fundi. Alisahau ni siku ya umuganda, watu wote wako kwenye usafi wa mtaa.

Soko la Kabeza lilikuwa kimya.

“Dada, humo hakuna mutu,” mlinzi alisema. “Ngoja saa tano.”

“Mbona nasikia cherehani?”

Mlinzi alitega sikio, kisha akarudi nyuma.

Akoth aliingia sokoni, gizani. Cherehani ikanyamaza. Fundi hayupo, gurudumu bado linazunguka. Chini ya sindano palikuwa na mkono wa gauni, wa kitenge chenye ndege wa bluu, kama chake.

Akakunjua chake. Kilikuwa kimekatwa, kipande cha kutosha mkono mmoja hakipo.