Vijiwe katika Ungo wa Kokubanza

Kila Jumanne, baada ya kufagia uwanja, wanafunzi wa darasa la sita waliingia darasani na vijiwe mfukoni. Havikuwa vya kupigana, ingawa Telesfori alishajaribu siku ya kwanza na kiboko kikamweleza.

Mwaka huo wa 1986 Mwalimu Rwezaura alitaka kila mwanafunzi aandike insha ya uchunguzi. Kabla ya kuikabidhi, ilimbidi awasomee wenzake ikisari, yaani insha nzima iliyokamuliwa ikabaki mistari mitano. Aliyeona kasoro alitia kijiwe kwenye ungo na kuitaja. "Maharage yasiyochambuliwa humvunja mgeni jino," Mwalimu alipenda kusema. Insha bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Kokubanza, binti wa mwenye duka, alikuwa amekwisha kuchagua hata gauni la siku hiyo. Akasimama, akasoma:

"Nimechunguza kwa nini watoto wa darasa la kwanza wana funza miguuni. Nimehoji kaya ishirini. Funza wanatoka kwa watu wavivu, hasa vibarua wa bondeni, wasiofagia wala kunawa. Dawa ni kuwaonya."

Tap! Kijiwe cha Telesfori. "Mistari minne! Mmoja umeliwa na funza?"

Darasa likaangua kicheko. Tap! Hiki kilikuwa cha Hategekimana, mtoto wa vibarua wa bondeni, naye hakucheka.

"Umehoji kaya ishirini?"

"Ndiyo. Hujui kuhesabu?"

"Kwetu hukufika! Kwa jirani zetu hukufika! Mama yangu hufagia kabla jogoo hajawika, halafu wewe usiyemjua hata sura unamwita mvivu? Tena ukamsomee hayo mbele ya watu?"

"Mwalimu, ananionea! Ni wivu tu!"

Mwalimu aliutazama ungo. "Ulifika nyumba ngapi, Kokubanza?"

"Sita, Mwalimu. Za jirani na duka letu."

"Na kumi na nne?"

"Nili... nilizikadiria."

"Loo!" akasema Telesfori. "Basi na mimi nikadirie majibu ya hesabu!"

"Utasoma upya Ijumaa," Mwalimu alisema.

Kokubanza alirudi nyumbani akitokota kama chungu cha maharage. Yeye, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, kutiwa vijiwe! Kesho yake akateremka bondeni, daftari kwapani, apate tu kumwonyesha Hategekimana kwamba ni mwongo.

Alimkuta mama yake Hategekimana, Mukakalisa, akisiliba sakafu kwa samadi na majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usikanyage hapo, pabichi."

Kokubanza akarudisha mguu, akafungua daftari. Mlangoni alikaa kitindamimba, Stephania wa darasa la kwanza, vidole vya miguu vimevimba.

"Ana funza tangu lini, mama?"

"Tangu shule ifunguliwe. Likizo hupona kabisa. Akirudi shule, nao hurudi. Nimechoka kuwatoa kwa pini."

Nyumba ya pili wakamwambia hivyo hivyo. Ya tatu pia. Hadi Alhamisi jioni alikuwa amezimaliza zote kumi na nne.

Ijumaa asubuhi aliingia darasa la kwanza, ambako watoto walikaa chini. Vumbi lilimfika vifundoni. Akainama, akaona vidudu kama chembe za ugoro vikimrukia miguuni. Hasira ikampanda upya, ila safari hii ilijua pa kwenda.

Darasani alisoma: "Mara ya kwanza nilidanganya. Sasa nimefika kaya ishirini. Watu wa bondeni si wavivu. Funza wanazaliana katika vumbi la darasa letu la kwanza. Tunawahubiria watoto usafi, kisha tunawakalisha juu ya funza!"

Telesfori akahesabu kwa vidole. "Mitano." Kijiwe akakirudisha mfukoni.

Jumamosi, kwa wito wa Mwalimu, wazazi na wanafunzi walileta maji, samadi na majivu, wakaisiliba sakafu ya darasa la kwanza. Kuanzia hapo darasa la sita likachukua zamu ya kuinyunyizia maji kila asubuhi. Siku ya kufunga shule, Stephania alikuja akirukaruka, na Kokubanza akaisoma insha yake mbele ya wazazi.

"Aliyekutilia kijiwe hakukuvunjia heshima," Mwalimu alimwambia mbele ya wote. "Alikukinga na aibu. Na ukisema kaya ishirini, uwe umeziona zote ishirini."

Mukakalisa, aliyekaa mstari wa mbele, akacheka. "Siku nyingine, mwanangu, njoo kabla hujaandika. Utakuta sakafu imekauka, uingie ukae."